Kwa nini chaneli za HD kwenye dishi haziongezeki haraka kama tunavyotaka

Mjomba wangu wa Mbagala alinipigia simu siku mbili kabla ya mechi ya watani. Alikuwa amenunua TV mpya ya inchi 43, amelipia kifurushi kikubwa, na picha anayoiona ni ileile ya TV yake ya chogo, ila sasa imevimba. "Namba za mgongoni sizisomi," aliniambia. "Mpira ukipigwa juu, unapotelea kwa mashabiki."

Nilipofika nilimwamkia, nikazunguka moja kwa moja nyuma ya TV. Zilikuwepo zile waya tatu za tangu enzi za deki: ya njano, nyekundu na nyeupe. King'amuzi chake kilikuwa cha HD. Chaneli ya mpira ilikuwa ya HD. Waya ya HDMI ilikuwa bado ndani ya boksi, imefungwa na kamba yake ya kiwandani. Waya ya njano haipitishi picha ya HD, hata king'amuzi kiwe kizuri kiasi gani. Inateremsha kila kitu hadi kiwango cha zamani. Tukachomeka HDMI, tukaingia kwenye mipangilio ya king'amuzi tukachagua 1080, na mjomba akasogea hadi ukingoni mwa kiti. Nyasi zilikuwa na majani. Nyavu za goli zilikuwa na matundu.

Wiki moja baadaye akapiga tena. Ameshaonja HD, sasa chaneli zilizobaki zinamuumiza macho. Mbona za HD ni chache hivi? Wanatubania?

Ni swali la haki, na wanaouliza ni wengi, kuanzia wateja wa ving'amuzi vya Tanzania na Kenya mpaka ndugu zetu wa Uganda na Burundi. Mimi mwenyewe nalipia kila mwezi na nataka nipate ninacholipia. Lakini jibu la "wanatubania" halitoshi. Kati ya kamera ya uwanjani na jicho la mjomba kuna milango kadhaa, na kila mlango una sababu yake ya kuipunguza picha. Mingine iko mikononi mwa kampuni, mingine iko angani, na mmoja uko nyumbani kwetu wenyewe.

Tuanze na picha yenyewe. Picha ya kawaida, ile ya SD, ina mistari 576, na kila mstari una nukta 720. Zidisha upate nukta 414,720. Picha kamili ya HD ina mistari 1,080 yenye nukta 1,920 kila mmoja, jumla 2,073,600. Ni mara tano kamili. Kwenye chogo la inchi 14 au 21 jicho halikuwa na namna ya kujua kinachokosekana. Kwenye TV bapa ya inchi 43 au 55, nukta zilezile laki nne zinavutwa zifunike eneo kubwa mno, na hapo ndipo sura ya mchezaji inageuka doa. Kwa hiyo madai ya HD hayakuletwa na watu kuwa wachaguzi. Yaliletwa na TV zilizoshuka bei na kuongezeka ukubwa, huku kinachorushwa kikibaki pale pale.

Sasa, picha ya HD ikiwa studio, haijabanwa kwa ajili ya kusafirishwa, hupita kwenye waya kwa kasi ya megabiti 1,485 za taarifa kwa sekunde. Inapofika kwako kupitia dishi, mara nyingi imebaki na megabiti kama 8. Yaani imebanwa karibu mara 185. Hilo linawezekana kwa sababu picha nyingi hazibadiliki sana. Mtangazaji wa habari ameketi, ukuta nyuma yake haujasogea, koti ni lilelile; mashine ya kubana inatuma tu midomo, macho na mkono ulioinuka, na vilivyobaki inakiambia king'amuzi kirudie vya picha iliyopita. Kwa habari za saa mbili usiku, megabiti chache zinatosha kabisa.

Mpira ndio unaoivua nguo mashine hiyo. Kamera inamfuata winga, kwa hiyo kila jani la nyasi limehama. Nyuma ya goli kuna watu elfu kadhaa wanarusha mikono na kupeperusha bendera, hakuna hata mmoja aliyetulia. Mvua ikinyesha ndiyo imekwisha, maana kila tone ni jambo jipya la kutumwa. Mashine ikinyimwa megabiti za kutosha inaanza kukata picha vipande vipande vya mraba, na nyasi zinageuka sakafu ya vigae. Umeliona hili hata kwenye chaneli iliyoandikwa HD pembeni. Nitalirudia.

Megabiti hizo zinatoka wapi, na kwa nini haziongezwi tu? Hapa nawaomba wa Dar es Salaam wafikirie pantoni la Kigamboni. Sakafu yake ina ukubwa wake. Abiria wa upande wa pili wakipiga kelele, sakafu haitanuki. Lori moja likiingia, bajaji kadhaa zinasubiri ng'ambo. Setelaiti nayo ni hivyo. Imekaa kilomita 35,786 juu ya ikweta ikiwa imebeba idadi fulani ya transponda, vile vyombo vinavyopokea mawimbi kutoka duniani na kuyarudisha chini. Idadi hiyo inapangwa kiwandani, na setelaiti ikishaondoka hakuna fundi wa kupanda kwenda kuongeza nyingine. Inatumika hivyo hivyo kwa miaka 15 hivi. Eutelsat 36B, iliyorushwa mwaka 2009 na ikawa inabeba matangazo ya DStv kwa ukanda wetu, ilisubiri hadi Machi 2024 ndipo mrithi wake, 36D, akaondoka Florida.

Tuhesabu. Transponda moja yenye mpangilio wa zamani wa kupakia mawimbi uliotumika sana, ule wa DVB-S, inabeba takriban megabiti 38 kwa sekunde. Chaneli ya SD iliyobanwa kwa MPEG-2, mbinu ya zamani ya kubana picha, inataka kama megabiti 4, kwa hiyo zinaingia tisa. Chaneli ya HD iliyobanwa kwa MPEG-4, mbinu iliyoifuata, tukiipa megabiti 8, zinaingia nne tu na chenji kidogo. Weka HD nne, na chaneli tisa zimeteremka pantoni. Mwenye kampuni anajiuliza nani kati ya wale tisa atamfukuza: chaneli ya Bunge, ya dini, ya tamthilia za Kituruki, ya katuni? Kila moja ina watu wake, na watu hao watapiga simu kesho asubuhi.

Teknolojia imesaidia, na hapa kampuni hazina kisingizio cha kulala. Mpangilio mpya wa DVB-S2, kwenye transponda ileile, unaweza kubeba kama megabiti 61. Hapo HD zinakuwa saba. Ukibadilisha na mbinu ya kubana, ukatumia HEVC iliyokamilishwa mwaka 2013, HD moja inaweza kuridhika na megabiti 4, na transponda ileile ikabeba HD karibu 15. Kutoka nne hadi 15 bila kuongeza hata transponda moja.

Basi kwa nini haifanyiki kesho? Kwa sababu king'amuzi lazima kiijue lugha hiyo. Kile kilichotengenezwa kwa MPEG-2 hakiwezi kufundishwa MPEG-4, na cha MPEG-4 hakiwezi kufundishwa HEVC. Si suala la kusasisha programu, ni chipu iliyomo ndani. Siku kampuni itakapohamia HEVC, kila boksi la zamani mtaani litakuwa giza. Ndiyo maana kampuni nyingi duniani hufanya jambo ambalo ukilitazama kwa hesabu ya pantoni linauma: chaneli moja hurushwa mara mbili. Mechi ileile, mtangazaji yuleyule, mara moja kwa SD kwa ajili ya ving'amuzi vya zamani, mara ya pili kwa HD kwa ajili yetu. Lori na bajaji vyote vimebeba mzigo mmoja.

Kwa maoni yangu hapa ndipo kizuizi kikubwa kilipo. Anga haijajaa chaneli tofauti. Sehemu kubwa imejaa marudio.

Kuna na suala la mvua, ambalo wengi hulisingizia dishi. Mawimbi ya ving'amuzi vyetu yako kwenye masafa ya Ku, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, na kwa masafa hayo tone la mvua ni kizuizi cha kweli. Ili kubeba megabiti 61 badala ya 38, kila wimbi linapakiwa taarifa nyingi zaidi, na wimbi lililopakiwa sana halivumilii kusumbuliwa. Ndiyo maana wakati wa masika chaneli ya HD inaweza kuganda wakati ya SD kwenye transponda nyingine inaendelea kuonekana. Huo si uhuni wa mtu, ni bei ya kupakia.

Na mahali dishi linapotazama pana maana yake. Panda juu ya paa lolote Dar es Salaam uangalie. Madishi ya DStv, yanayotafuta setelaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, yamelala chali kama ungo ulioanikwa juani, kwa sababu setelaiti yake iko karibu utosini mwetu. Ya Azam TV, yanayotafuta nyuzi 7 mashariki, yamegeukia magharibi na kuinama zaidi. Fundi mzoefu anajua nyumba inatumia king'amuzi gani kabla hajabisha hodi. Wimbi linalokuja kwa kuinama hupita katika mvua kwa njia ndefu kidogo kuliko linaloshuka wima, kwa hiyo dishi la namna hiyo linadai kufungwa kwa uangalifu zaidi. Nimeona dishi lililosukumwa na kunguru hadi kipimo cha ubora kikashuka kutoka 80 hadi 50 na kitu, na mwenye nyumba anaapa kwamba kampuni imepunguza HD. Chaneli za SD zilikuwa zinamdanganya: zenyewe bado zilikuwa zinaonekana vizuri. Tukalirudisha kwa upana wa kidole, zote zikarudi.

Sasa nirudi kwenye ile chaneli ya HD yenye vigae. Herufi mbili za pembeni hazikuambii chaneli imepewa megabiti ngapi. Chaneli zilizo kwenye transponda moja hugawana nafasi kila sekunde: inayohitaji zaidi inachukua, iliyotulia inaachia. Ni mpango mzuri mchana. Jumamosi usiku, chaneli tatu za michezo zikikutana transponda moja na zote zina mpira, hakuna wa kumwachia mwenzake, wote wanabanana. Vipo pia vituo vinavyotuma nukta 1,440 kwa mstari badala ya 1,920, kisha king'amuzi chako kinazivuta zijaze kioo. Bado inaitwa HD, na kwa sheria za ufundi si uongo, lakini robo ya nukta haikupanda gari.

Halafu kuna ile inayoniudhi zaidi, picha ya SD iliyokuzwa ikavalishwa jina la HD. Kuitambua ni rahisi. Tazama ukanda wa maandishi unaopita chini wakati wa habari. Kama herufi zina makali kama zilizochapwa leo, lakini picha iliyo nyuma yake ina ukungu na nyuso hazina vinyweleo, basi maandishi yametengenezwa studio kwa HD na picha imetoka kwenye kamera au maktaba ya SD. Inachukua nafasi ya lori kubeba mzigo wa bajaji. Mteja anayedai "chaneli nyingi za HD" anaweza kupewa nyingi za aina hii na idadi ikapendeza kwenye tangazo. Ningependa tudai vingine: chaneli za michezo zipewe megabiti za kutosha usiku wa mechi, na zisizo na picha ya HD zibaki SD hadi zitakapokuwa nayo, nafasi yao wapewe wanaoihitaji.

Vituo vya nyumbani, kwa upande huu, nawatetea. Kuhama kwenda HD si kubadilisha kamera peke yake. Ni kompyuta za kuhariri, ni hifadhi ya kumbukumbu, ni gari la kurushia matangazo nje ya studio, ni njia ya kufikisha picha kwenye kituo cha kupandishia setelaiti. Kituo kidogo cha mkoani kinachoishi kwa matangazo ya maduka na salamu za harusi hakiwezi kufanya hayo kwa mwaka mmoja. Kampuni ya king'amuzi ikiipokea picha ya SD, haina muujiza wa kuirudishia nukta ambazo hazikuwahi kupigwa.

Kuhusu fedha sitakaa sana, kwa sababu ni rahisi kueleweka. Transponda hukodishwa kwa mkataba mrefu, kwa fedha za kigeni, na kodi ni ileile wakitazama watu elfu kumi au milioni moja. Wateja wanalipa kwa shilingi. Fedha hizohizo ndizo zinazonunua haki za matangazo: mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa ligi kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Anayepanga bajeti anachagua kati ya mechi nyingi zaidi na mechi zilezile zenye picha nzuri zaidi, na kwa miaka mingi sisi wateja tumelipigia kura lile chaguo la kwanza.

Wapo wanaosema tuachane na dishi, kila kitu kiko mtandaoni. Saa moja ya HD kwa megabiti 5 inakula gigabaiti 2.25, mechi pamoja na mapumziko ni zaidi ya 4. Kwa mwenye faiba ya nyumbani sawa. Kwa anayenunua bando la siku, ligi nzima ni mshahara. Na mtandao hauna sifa moja ya setelaiti: setelaiti haichoki watazamaji wakiongezeka, na Kigoma inaiona picha ileile inayoonekana Masaki.

Kwa hiyo tunabaki na yale marudio, chaneli zinazorushwa mara mbili. Wenzetu wa Ulaya wameanza kuyakata. BBC ilizima matangazo yake ya SD kwenye setelaiti Januari 2024. ARD ya Ujerumani ikazima ya kwake tarehe 7 Januari 2025. Wote walitangaza mapema, wakawaachia watu muda wa kubadilisha maboksi. Nafasi ikapatikana.

Sisi tunaujua uchungu wa kuzimiwa. Usiku wa 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, mikoa mingine ikafuata, na nyumba zisizo na king'amuzi zilibaki na kioo cheusi. Faida ilikuja baadaye, lakini usiku ule walioumia ni wale waliokuwa na kidogo zaidi. Sitaki lirudiwe hivyo kwa SD.

Na nina sababu ya karibu. Mjomba alipopata king'amuzi cha HD, kile cha zamani hakukitupa. Alikifunga kwenye gazeti, akakipakia basi la kwenda Mahenge kwa bibi. Bibi anatazama habari na kwaya za Jumapili, kwa kifurushi cha chini kabisa, na ameridhika. Mjomba anayedai HD zaidi Mbagala ndiye huyohuyo aliyehakikisha kwamba SD haiwezi kuzimwa Mahenge. Familia nyingi ziko hivi. Maboksi ya zamani hayafi, yanahamia kijijini.

Njia ninayoiona ni kampuni kuyafuata huko yalikokwenda. Kutangaza tarehe ya kuzima miaka miwili kabla, si miezi miwili. Kupokea boksi la zamani na kutoa jipya bure au kwa bei ya nauli, kuanzia mikoani badala ya kumalizia huko. Gharama ipo, lakini upande wa pili wa hesabu kuna transponda ambazo hazitalipiwa tena kubeba marudio, na hizo hulipiwa kila mwezi. CAF, shirikisho la soka la Afrika, imezipa Kenya, Uganda na Tanzania AFCON ya 2027, na mashindano makubwa ndiyo kipindi ambacho watu huingia dukani kununua TV na ving'amuzi bila kushurutishwa. Kila boksi linalouzwa kipindi hicho lingetoka dukani likiwa linaijua HEVC, kazi ingekuwa imepungua.

Nilimweleza mjomba haya yote, akaniuliza jambo moja tu: bibi atanunuliwa TV mpya pia? Hapana. Ving'amuzi vingi vya HD bado vina tundu la waya za rangi tatu, kwa ajili ya TV kama chogo la bibi la inchi 21. Mjomba akafungua droo ya meza ya TV, akaitoa ile ya njano, nyekundu na nyeupe, akaikunja vizuri na kuitia kwenye mfuko wa kitenge anaopelekewa bibi mwisho wa mwezi.